Mwalimu wa Fizi Akishapata Kiti

Mtu wa Fizi akisimama kuomba kura za kwenda bunge la mkoa wa Kivu Kusini, mara nyingi huwa amewahi kushika chaki. Alianza katika shule ya msingi ya kijijini akiwa na diploma ya serikali tu, ile inayoitwa D6. Akaenda Bukavu kutafuta G3 katika chuo cha ualimu, akarudi kufundisha sekondari, akapanda hadi kuwa prefe, yaani mkuu wa shule. Baada ya miaka kadhaa ya uprefe wazee huanza kumwambia kwamba anafaa. Kinachofuata ni chama, bango lenye picha yake na safari ya kurudi Bukavu, safari hii kama mheshimiwa.

Maelezo ya kawaida kuhusu njia hii ni mepesi: mwalimu amesoma, anaweza kusema mbele ya watu, anajua Kifaransa. Hayanitoshi. Muuguzi naye amesoma. Mchungaji anasema mbele ya watu kuliko mwalimu, tena kila Jumapili. Kifaransa cha ofisini wafanyabiashara wa mji wa Baraka wanakijua kadiri wanavyokihitaji. Kama elimu na ulimi ndivyo vingekuwa sababu, tungeona mchanganyiko mkubwa zaidi wa watu.

Naona jambo lingine. Fizi humpa mwalimu kura kwa sababu ya kazi ambazo hazimo katika ualimu wake, kazi alizozibeba kwa kuwa serikali haikuwepo kuzibeba. Akifika bungeni anakuta kazi hizo hazina mahali. Na ile kazi moja aliyoisomea, yaani shule, Katiba imemkabidhi kwa maandishi huku fedha na kalamu ya kuajiri vikibaki Kinshasa. Kati ya mambo hayo mawili ndimo taaluma nzima ya mwanasiasa wa aina hii inapochezwa, na ndimo huharibika.

Tuanze na ramani ya madaraka, maana Fizi si kama majirani zake. Wilaya nyingi za Kivu Kusini zimesimama juu ya usultani. Kabare ina mwami wake, Walungu ina Ngweshe na Kaziba, Kalehe ina Buhavu, Uvira ina Bavira na Bafuliiru. Fizi haina usultani hata mmoja. Ina sekta nne: Mutambala, Lulenge, Ngandja na Tanganyika. Wabembe, walio wengi wilayani, ni watu wa koo na vijiji, na heshima kubwa miongoni mwao ilipatikana kwa kupanda ngazi za bwami, hatua kwa hatua, kwa kuingizwa, kwa kutoa mali na kwa kutambuliwa na waliotangulia. Cheo hakikusubiri kifo cha baba. Jamii yenye mazoea hayo haikuona ajabu kumheshimu mtu aliyepanda kutoka D6 hadi G3 hadi L2, kila ngazi ikiwa na karatasi yake na gharama yake.

Huko Walungu au Kabare mgombea hutembea ndani ya kivuli cha mwami. Akimkosea, amejikosesha vijiji vingi kwa siku moja. Sheria yenyewe inamtambua mtawala huyo: Katiba ya 2006 inaruhusu watawala wa jadi kuteuliwa na wenzao kuingia bunge la mkoa, na sheria ya Oktoba 2008 kuhusu serikali za mitaa inauacha usultani chini ya mtawala wa kimila. Sheria hiyohiyo inataka mkuu wa sekta achaguliwe na baraza la sekta. Baraza hilo halijawahi kupigiwa kura. Hata uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023 ulifanyika katika komuni za miji mikuu ya mikoa tu. Kwa hiyo Fizi ina kiti cha chini kinachojazwa kwa uteuzi na kiti cha juu kinachojazwa kwa kura, na katikati hakuna ngazi. Mwalimu anaruka kutoka ofisi ya shule moja kwa moja hadi bungeni, bila kuwahi kujadili bajeti ya umma iwe ya soko au ya kisima.

Shule yenyewe ilifikaje kuwa na uzito huo? Kwanza kwa misheni. Wamethodisti Huru walijenga Nundu, shule na hospitali pamoja. Wakatoliki walikuwa na parokia zao, ambazo tangu 1962 ziko chini ya jimbo la kanisa la Uvira. Baraka, mji uliozoea misafara na majahazi tangu karne ya 19, ilikuwa na Waislamu wake na madrasa zao. Mobutu alizitaifisha shule za dini mwaka 1974, akashindwa kuziendesha, na kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 akazirudisha mikononi mwa makanisa huku serikali ikiahidi kulipa mishahara. Tangu hapo prefe wa Fizi ana mabwana wawili, mratibu wa kanisa lake na mkaguzi wa serikali, na anayedumu miaka 10 kati yao amekwisha kusoma siasa bila kujiandikisha.

Halafu ikaja vita, tena na tena. Uasi wa Simba wa 1964 uliipitia Fizi bila kuisha. Mwaka 1965 Che Guevara na Wakuba wake walivuka ziwa kutoka Kigoma wakakaa miezi saba katika milima ya huko, wakaondoka bila ushindi. Laurent-Désiré Kabila alibaki. Chama chake cha PRP, kilichoanzishwa 1967, kilijenga makao Hewa Bora na kuendesha utawala wake chenyewe, zikiwemo shule na zahanati, kwa karibu miongo miwili. Mwanahistoria Wilungula Cosma amekiandikia kitabu kizima kipindi hicho. Kwa mambo yetu hapa jambo moja linatosha: hata waasi waliokuwa na bunduki waliona kwamba bila mtu wa kufundisha hawana wa kuandika orodha ya watu wala ya chakula.

Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha maelfu kwenda Tanzania. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996, ya Lugufu mwaka uliofuata; Lugufu ilifungwa 2009, Nyarugusu ipo hadi leo. Humo watoto walifundishwa kwa mtaala wa Kongo, na walimu wakimbizi wakahangaika ili mitihani ya serikali ya Kongo ifanyike ng'ambo ya ziwa na vyeti vitambuliwe nyumbani. Tafakari ugumu wa kazi hiyo. Ilihitaji kuongea na maafisa wa UNHCR, na wasimamizi wa Tanzania, na wakaguzi wa Kongo, kwa niaba ya wazazi waliokuwa hawana kitu. Hakuna chama cha siasa kilichokuwa na shule ya uongozi ya namna ile. Mwalimu aliyeongoza kamati kambini alirudi Fizi akijulikana na watu wa sekta zote nne, jambo ambalo mtu aliyebaki kijijini kwake hakulipata. Baadhi ya wanafunzi wake walichukuliwa kwenda kuishi Marekani au Australia, na simu zao kwa jamaa waliobaki zina uzito msimu wa uchaguzi.

Nyumbani, ofisi ya prefe iliendelea kuwa ofisi ya kila kitu. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, mshahara wa serikali ulipokufa, wazazi ndio waliomlisha mwalimu kwa michango ya kila mwezi. Prefe alijua nani ameshindwa kwa uvivu na nani ameshindwa kwa ugonjwa. Alijua kwamba mvuvi wa Ubwari halipi wakati wa mbalamwezi, maana ndagala huvuliwa usiku wa giza, na kwamba mkulima wa Lulenge atalipa akishavuna. Aliandika barua za watu kwa msimamizi wa wilaya. Alipoitwa na kamanda wa kizuizi, awe wa jeshi au wa wanamgambo wa Mai-Mai, alikwenda, na mara nyingine aliyemkuta na bunduki alikuwa mwanafunzi wake aliyeacha darasa la nne. Mazungumzo hayo hayafanani na mazungumzo ya mtu mwingine yeyote kijijini. Hapo ndipo kura zinapotoka.

Mfumo wa uchaguzi nao unampendelea. Mpiga kura huchagua jina moja katika orodha za wazi, kwa hiyo mgombea anashindana na wenzake wa chama chake kabla ya kushindana na chama kingine. Katika hali hiyo bendera haisaidii sana. Linalosaidia ni kuwa na watu wako mahali pengi kwa wachachewachache. Wanafunzi wa zamani ni watu wa namna hiyo hasa. Wako kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, kwenye soko la Baraka, kwenye vijiji vya barabara ya Uvira kama Mboko na Swima, wengine jeshini. Mwenye duka ana wateja, lakini wateja wanamdai au anawadai. Mwenye kanisa ana waumini wa kanisa hilo tu. Tangu sheria ya Desemba 2017 iweke kizingiti cha asilimia 3 kwa orodha za mkoa, mgombea binafsi ni kama amefungiwa mlango, kwa hiyo mwalimu lazima aingie chini ya muungano wa mkubwa fulani wa Kinshasa anayehitaji hesabu ya kura zake. Deni la kwanza linaandikwa hapo. Kabla ya hapo anakuwa ameomba likizo ya utumishi bila mshahara, kama sheria inavyomtaka mtumishi wa serikali, na amelipa amana isiyorudishwa.

Wala wazee si wa kusahauliwa. Emo 'ya M'mbondo, chama cha jamii ya Wabembe, hakipigi kura, ila mgombea Mbembe anayekipuuza huulizwa anatoka wapi. Katika jamii nyingine za wilaya kuna vyama kama hicho, na walimu ndio makatibu wake kwa sababu ileile ya kalamu.

Mwanamke humwoni katika simulizi hii, na si kwamba nimemsahau. Walimu wanawake wapo, lakini wengi wamewekwa madarasa ya chini ya shule za msingi, na uprefe ndio ngazi inayoonekana. Kifungu cha 14 cha Katiba kinachotaka usawa hakijafika katika ofisi ya mratibu wa shule, na asiyepita hapo hapiti kwingine.

Sasa mwalimu wetu yuko Bukavu. Baraka hadi huko ni zaidi ya kilomita 200, na kwa miaka mingi abiria wa basi kutoka Uvira walipendelea kupita Rwanda kuliko kupanda mteremko wa Ngomo. Mheshimiwa anafungua Katiba kifungu cha 204 na kukuta maneno matamu: elimu ya chekechea, ya msingi na ya sekondari ni mamlaka ya mkoa peke yake, mradi tu ifuate kanuni za serikali kuu. Kwa mtu aliyetoka darasani hiki ndicho kifungu cha maisha yake. Angeweza kutunga amri ya mkoa kuhusu ujenzi, kuhusu walimu wasiolipwa, kuhusu shule za vijiji vilivyohamishwa na vita.

Lakini walimu huandikwa kwenye orodha ya mishahara na idara ya malipo ya Kinshasa, iliyojulikana miaka mingi kama SECOPE. Wakurugenzi wa elimu wa mikoa huteuliwa na waziri wa Kinshasa. Kifungu cha 175 kinachosema mkoa ubaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa humo hakijatekelezwa hata mwaka mmoja. Elimu bila malipo katika shule za msingi, iliyoanza Septemba 2019, iliamuliwa na Rais Tshisekedi. Nayo ilikuwa haki ya kikatiba iliyosubiri tangu 2006. Ilipoondoa michango ya wazazi, walimu ambao hawakuwa kwenye orodha ya serikali, wale wanaoitwa NU, walibaki mikono mitupu, na bunge la mkoa halikuwa na faranga ya kuwapa. Mwalimu wa jana akawa mbunge anayepokea barua za malalamiko za mwalimu wa leo na kuzipeleka kwa mtu mwingine. Septemba 2024 walimu wa Kivu Kusini walikataa kufungua mwaka wa shule wakidai nyongeza ya mshahara, na mazungumzo yote ya maana yakawa kati ya vyama vyao na Kinshasa, kama ilivyokuwa tangu makubaliano ya mishahara ya Mbudi ya 2004.

Je, mbunge wa mkoa anaamua nini basi? Anaamua nani awe gavana na nani awe seneta, na anaweza kumwangusha gavana. Hayo ndiyo madaraka halisi, na hutumika kwa wingi mwanzoni mwa muhula. Machi 2019 tuhuma za wabunge wa mikoa kuuza kura za useneta zilisambaa nchi nzima hadi Rais akasitisha kwa muda kuanza kazi kwa maseneta. Huko Bukavu wabunge walipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali ya Gavana Théo Ngwabidje mwishoni mwa 2021, na mvutano ukaburuzwa miezi mingi. Magavana wa awali, Cibalonza aliyechaguliwa 2007 na Muderhwa aliyemfuata, hawakumaliza muhula.

Ningekuwa naandika kwa hasira ningesema mwalimu ameharibika. Nadhani ni jambo baya zaidi, kwa kuwa haliponi kwa kubadilisha watu. Taasisi imemwachia kitu kimoja chenye thamani, kura yake juu ya gavana, na kumnyima vingine vyote. Malipo yake mwenyewe hutegemea mgao wa Kinshasa unaochelewa. Mtu mwenye bidhaa moja ataiuza hiyo. Ajabu ni kwamba tunamsifu mwalimu kwa kuwa alikusanya michango ya wazazi na kugawana na wenzake kwa haki, kisha tunashangaa kwamba stadi hiyohiyo ya kugawana inaonekana tena Bukavu, mahali ambapo kinachogawanwa si michango ya wazazi tena.

Muda nao ulimharibu. Wabunge wa mikoa waliochaguliwa tarehe 29 Oktoba 2006 kwa miaka 5 walibaki vitini hadi uchaguzi wa Desemba 2018, kwa kuwa mwaka 2011 kura ya mikoa haikufanyika. Aliyeingia na miaka 45 alitoka na 57. Hakuna anayerudi ubaoni akiwa na umri huo, na nafasi yake katika orodha ya mishahara ilikwisha kuchukuliwa. Basi analazimika kubaki katika siasa: mshauri wa waziri, mkurugenzi wa ofisi ya mtu, mgombea tena 2023. Wapiga kura humwona mroho. Yeye anajua kwamba hana kazi nyingine.

Kisha kuna Minembwe, somo ambalo kila mwanasiasa wa Fizi hulijibu hata asipoulizwa. Komuni ya Minembwe, huko nyanda za juu, iliposimikwa Septemba 2020, Azarias Ruberwa akiwa waziri wa ugatuzi, Wabembe na majirani zao waliona ardhi inakatwa, Banyamulenge wakaona hatimaye wanatambuliwa, na mwanzoni mwa Oktoba Rais akatangaza akiwa Goma kwamba ameifuta. Pande zote mbili zilikuwa na walimu wa historia waliojua kuchora ramani na kutaja miaka. Nawalaumu kwa hilo kuliko kwa fedha. Mtu aliyefundisha watoto jinsi ya kupima ushahidi alipanda jukwaani akachagua ushahidi wa upande wake tu. Ramani ya mipaka ilimpa sababu nzuri ya kutoulizwa kuhusu madawati ya Kilembwe, na amani kati ya Lulenge na nyanda za juu haikupatikana kwa hotuba hizo. Shule nyingi za huko zilichomwa au zilikimbiwa, za jamii zote.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikwenda vingine. Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili ashughulike na TANU, na tangu hapo Tanzania imekuwa na ngazi za chama na serikali za kumpokea mwalimu: Kassim Majaliwa alitoka ualimu akapita chama cha walimu na ukuu wa wilaya kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 2015. Ngazi hizo zina kasoro zake, lakini mtu huonekana anavyosimamia bajeti ndogo kabla ya kupewa kubwa. Fizi ina mwalimu wa namna hiyo na haina ngazi.

Aprili 2024 wabunge wa mkoa walimchagua Jean-Jacques Purusi Sadiki, ambaye kila mtu anamtaja kwa cheo cha profesa, kuwa gavana. Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia Bukavu, na serikali ya mkoa ikahamia Uvira. Kwa mara ya kwanza makao ya mkoa yalikuwa umbali wa asubuhi moja kutoka Baraka, na mbunge wa Fizi hakuwa na udhuru wa mteremko wa Ngomo. Waliokuwa na barua walizileta wenyewe. Desemba 2025 M23 wakaingia Uvira pia, watu wakamiminika kusini kuelekea Baraka na Fizi, na madarasa ya shule yakageuka malazi. Prefe alisimama mlangoni na daftari akiandika majina ya familia, nani ana mgonjwa, nani hana sufuria. Uchaguzi ujao kwa kalenda ni 2028. Ukitaka kukisia wabunge wajao wa Fizi, tafuta hayo madaftari yameandikwa na nani.